Glasi Sita za Turungi

Loice angeweza kuacha kanisa kabla ya kuacha chai, kwa hivyo siku aliposukuma glasi mbali na pua yake, Wanjuhi aliacha kukanda unga wa mandazi akamkodolea macho.

"Mama Thuo, hii chai yako iko na harufu."

"Harufu gani?"

"Ya chai."

Wanjuhi alianza kucheka, halafu akaacha. Loice alikuwa ameketi benchi la mlangoni, kikapu cha kuchumia majani bado mgongoni, na jua la asubuhi lilimpiga usoni barabara. Pale jicho linapotakiwa kuwa jeupe, lake lilikuwa na rangi ya kiini cha yai.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, mwezi wa nane, mwaka wa 1953. Kufikia Jumatano, Mokaya aliyekuwa akilisha kuni boila ya kiwanda naye alikuwa wa njano, na ametupa sigara zake mwenyewe bila kuhubiriwa na mtu. Bilhah, yule mama mnene aliyechambua majani makavu kiwandani, alitapika tangu alfajiri mpaka lori la estate, lile shamba kubwa la chai, likampeleka hospitali. Na wote watatu walikuwa wateja wa Wanjuhi.

Hoteli yake ilikuwa mabati machache kando ya barabara ya Roret: benchi tatu, meza moja, jiko, na nyuma chumba kidogo kilichofichwa kwa pazia la maua. Miaka kumi na mmoja alikuwa amepika hapo. Lakini mwaka huo, Mgikuyu kukaa nje ya Reserve, eneo alilotengewa na serikali, kulikuwa ni kwa kuomba ruhusa. Kila miezi mitatu Bwana D.O., afisa Mzungu wa wilaya, alikuja sokoni, akaketi kwenye meza yake ya kukunja, akaitazama pasi ya Wanjuhi, kibali chake cha kuishi hapo, akaipiga muhuri. Siku asipoipiga, lori la kumhamisha lilikuwa tayari. Thuo, mwanawe wa pekee, alipandishwa lori kama hilo huko Molo mwezi wa nne, na tangu hapo hata barua hakuna. Siku akiachiliwa angemtafuta mama yake hapa, kwenye benchi hizi, kwa sababu hakujua kwingine. Na D.O. alikuwa anakuja Ijumaa.

Kipkemoi, nyapara wa wachumaji, alifika Jumatano hiyo saa nne, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Hakuketi.

"Wewe mama. Watu watatu, sufuria moja."

"Sufuria ni mbili, Mzee. Hiyo ingine ni ya viazi."

"Usinichekeshe! Watu wenu wanakula viapo huko kwenu. Nani anajua wewe unatia nini kwa chai ya watu?"

"Natia majani mnayochuma ninyi. Kama ni sumu, basi huko Ulaya wamekwisha kufa wote."

Wanaume wawili kwenye benchi walicheka, kisha wakakumbuka kwamba siku hiyo walitakiwa kumshuku, wakainamisha vichwa.

"Mimi sijagusa chai yako tangu Krismasi," Kipkemoi alisema kwa sauti ya kuita ng'ombe, soko lote lisikie. "Tangu Krismasi! Ndiyo maana mimi ni mzima. Ijumaa Bwana D.O. atasikia haya kutoka kwa mdomo wangu."

Akaondoka. Wale wawili nao wakaondoka, mmoja ameacha mandazi nusu. Mtu kuacha mandazi nusu! Wanjuhi aliyatazama yale mandazi kana kwamba ndiyo yaliyomtukana.

Lakini jicho lake lilikuwa limeokota kitu kingine. Kile kipembe cha ugoro kilichoning'inia shingoni mwa Kipkemoi miaka yote, kilichofunguliwa na kufungwa kila baada ya maneno matano, leo hakikufunguliwa hata mara moja. Wanjuhi alikiweka kitu hicho akilini, kama mtu anavyoweka sindano ya kushonea kwenye ukingo wa nguo, asijue atakihitaji lini.

Mpaka mchana hakuna aliyekuja. Alinusa sukari. Alimshuku Chepkorir aliyemletea maziwa, akayanusa maziwa, kisha akayanywa yote kwa hasira. Alijitazama macho kwenye kioo cha Thuo, akayaona mekundu. Saa nane akajifunga leso kichwani, akapanda kilima kwenda kwa dresa wa estate, yule aliyewatibu wafanyakazi.

Kepher alikuwa kijana wa upande wa ziwa, kaptula yake imepigwa pasi hadi ingeweza kukata mkate. Alikuwa akiandika kitabuni. Wanjuhi hakupenda watu wanaoandika.

"Unaandika jina langu?"

"Naandika dawa ya kikohozi, Mama Thuo. Karibu ukae."

"Nitasimama. Nimekuja unieleze kama nimeua watu, ili nijue kabla ya nyapara."

Kepher alifunga kitabu. "Nimewapima Loice na Mokaya. Si sumu. Ni ini." Alijibonyeza chini ya mbavu za kulia. "Hapa. Nikiwagusa hapa wanaruka. Ini likiugua, nyongo haipati njia yake, inarudi kwenye damu. Kutoka kwa damu inapanda machoni, inatoka kwa mkojo. Mkojo unakuwa kama turungi, chai isiyo na maziwa. Choo nacho kinakosa rangi, kinakuwa kama udongo wa kupaka nyumba."

"Si ndiyo ile homa ya manjano waliyotangaza kwenye baraza?"

"Hapana. Hiyo inaletwa na mbu. Huu unahama kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Na kabla macho hayajabadilika, mtu anachukia chakula. Anayevuta sigara anaichukia sigara. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na watu huidharau."

Akilini Wanjuhi alikiona tena kipembe cha ugoro shingoni mwa Kipkemoi, kimefungwa.

"Sasa wanasema waliupata kwa chai yangu ya Jumapili."

"Jumapili!" Kepher alicheka. "Ugonjwa huu hauna haraka. Ukiingilia mdomoni, kwa maji machafu au chakula, unalala wiki tatu, nne, hata sita. Ukiingilia kwenye damu ndio unalala zaidi. Miezi miwili. Mitatu. Usiniulize walikula nini Jumapili. Uliza walikuwa wapi wakati wa ile mvua ya mawe, mwezi wa tano."

Hapo ndipo Wanjuhi alipoketi.

Mvua ya mawe alikuwa anaikumbuka sana. Jumamosi hiyo barafu ilichana majani estate nzima, wachumaji wakarudishwa nyumbani, na kwa sababu hawakuwa na kazi wakaja kwake. Na ndiyo Jumamosi aliyokuja Zacheus. Zacheus aliyebeba machela vitani Burma, ambaye katika kila soko alisema anatoka kwingine, mwenye sanduku la bati, na ndani ya sanduku, sindano. Vidonge vya Kepher vilikuwa vya bure, na watu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, waliamini kwamba kitu cha bure hakina nguvu. Lakini sindano ya Zacheus iliuma mpaka mtu akaona nyota mchana, kwa hivyo ilikuwa dawa kweli. Aliwadunga nyuma ya pazia la maua la Wanjuhi.

Alimtazama Kepher kwa pembe ya jicho. Kijana huyu alijua? Mbona amesema mvua ya mawe, asiseme mavuno, asiseme Pasaka? Mtego huu. Sindano ya magendo chumbani mwa Mgikuyu, mwaka huu! Hata bila sumu, lori lingemchukua.

"Nisaidie na chai tu," alisema. "Mengine waachie wenyewe. Una njia ya kuwaonyesha watu, waone kwa macho yao?"

"Iko. Lakini vichupa vyangu vyote vimevunjika. Una glasi?"

*

Alhamisi saa sita, soko lote lilikuwa limesimama mbele ya hoteli, mbali kidogo, kama watu wanaotazama nyumba inayoweza kuanguka. Glasi sita za Wanjuhi zilipangwa mezani, kila moja imewekewa kikaratasi chenye jina. Ya Loice. Ya Mokaya. Ya Kepher mwenyewe, ili watu waone ya mtu mzima. Ya Wanjuhi, kwa sababu alisema hatapimisha watu mkojo na yeye ajifiche. Na ya Okello.

Okello alikuwa shahidi wake. Dereva wa trekta, bega kama mlango, aliyekunywa glasi tano za chai kila siku ya Mungu. Kama chai inaua, Wanjuhi aliwaambia watu, huyu angekuwa amezikwa mara mbili.

Kipkemoi alisimama mbele kabisa, kofia usoni, mikono mgongoni.

"Ya sita ni ya nani?" aliuliza.

"Ni yako, Mzee," Wanjuhi akajibu kwa upole wa asali.

"Yangu? Mimi ni mgonjwa?"

"Hata! Si wewe uliyesema hujagusa chai yangu tangu Krismasi? Soko lote tulisikia. Tunataka mkojo mmoja safi kabisa, ambao haujawahi kuonja uchawi wangu, watu walinganishe. Mwingine tutautoa wapi? Ama unaogopa glasi?"

Watu walicheka. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Nyapara, hata kwa ng'ombe wanapima!" Kipkemoi aliinyakua ile glasi, akaenda nyuma ya ua wa kayaba akitembea kama anaenda kupokea medali. Aliporudi aliiweka mezani bila kuitazama. Wanjuhi aliitazama. Haikuwa nyeusi kama ya Mokaya. Lakini maji safi hayakuwa hivyo.

Kepher alizitikisa kwanza, moja moja, kiganja kimefunika. Povu la glasi yake lilikuwa jeupe. La Loice lilikuwa la njano. Kisha akafungua kopo la unga wa kiberiti, ule ule ambao Wazungu huwapaka mbwa wao wenye upele.

"Tazameni vizuri. Kwa mkojo wa mtu mzima unga huu unaelea. Kama kuna nyongo ndani, unazama."

Akanyunyiza kwenye yake. Unga ukakaa juu kama vumbi kwenye dimbwi. Kwenye ya Loice ulikaa kidogo, ukaanza kuteremka polepole, nyuzi nyuzi, mpaka chini. Watu wakasogea. Kwenye ya Mokaya ulizama kwa haraka zaidi. Ya Wanjuhi: aliinamia glasi, maana yeye naye alikuwa amedungwa Jumamosi ile, kwa ajili ya magoti. Lakini unga ulielea. Kwenye ya Okello ulielea vile vile.

"Mmeona!" Wanjuhi alipiga meza, glasi zikaruka. "Glasi tano kwa siku!"

"Bado moja," akasema Kepher.

Akanyunyiza kwenye glasi ya Kipkemoi. Unga ulikaa juu. Watu wakapumua. Halafu katikati ulifanya shimo dogo, kana kwamba mtu amechovya kidole ndani, na kupitia shimo hilo ukateremka.

Hakuna aliyecheka sasa.

"Mzee, toa kofia," Kepher alisema. "Njoo juani. Taa na kivuli hudanganya."

Kipkemoi akaivua kofia mwenyewe. Kepher akamvuta kope la chini kwa kidole gumba. Kwenye pembe ya jicho, karibu na pua, njano ilikuwa imeanza kuingia kama rangi kwenye ukingo wa kitambaa.

"Ugoro umeuacha lini?" Wanjuhi aliuliza.

"Siku nne," Kipkemoi alinong'ona. "Unanuka."

"Basi si chai," mtu akasema nyuma. "Huyu hajakunywa tangu Krismasi."

"Tangu Krismasi!" wengine wakaitikia, na soko likafunguka kwa kicheko na maneno, na wale wanaume wawili wa jana wakaja kuketi kwenye benchi lao kana kwamba walikuwa wametoka tu kujinyoosha. Wanjuhi alishika ukingo wa meza. Ilikuwa imekwisha. Angeweza kunyamaza hapo, na Ijumaa apigiwe muhuri.

"Lakini sasa ni nini?" Kepher alisema, akijiuliza mwenyewe. "Nikiandika ni maji ya chemchemi, wataifunga, na ugonjwa utabaki."

"Mimi hii kitu naijua," Okello alisema kwa majivuno. "Mwaka jana huko Fort Ternan, nikikata miwa, nilikuwa njano kama boga. Mwezi mzima. Nikapona mwenyewe. Hata ninyi mtapona, muache kulia."

Kepher aligeuka polepole. "Mwaka jana?"

"Mimi sitangoja mwezi," alisema Loice kutoka kwenye benchi, sauti imechoka. "Zacheus alisema atarudi Jumamosi hii. Nitakuwa wa kwanza kwa foleni. Anidunge, hii manjano itoke."

"Na mimi," akasema Mokaya.

Wanjuhi aliiona tena Jumamosi ile, foleni yote mbele ya pazia. Yeye mwenyewe wa kwanza, kwa sababu nyumba ilikuwa yake. Baada yake Okello, kwa ajili ya bega. Kisha Loice. Mokaya. Bilhah. Na mwishoni kabisa, kupitia mlango wa nyuma, kofia usoni, mtu ambaye hakutaka kuonekana akija, wala hakutaka kudungwa mkononi. Wa kwanza mzima. Wa pili mzima, lakini alikuwa njano mwaka jana. Na wote waliomfuata wa pili...

Keshokutwa Loice angekuwa wa kwanza, na nyuma yake watu ishirini.

Alimtazama Kipkemoi. Kipkemoi alikuwa anamtazama yeye, na jicho lake la njano lilikuwa linaomba. Kila mmoja alijua mwenzake anajua nini. Mtu mwenye mke na cheo cha kanisani hawezi kueleza ni maumivu gani yaliyompeleka kwa sindano kwa mlango wa nyuma.

"Dresa," Wanjuhi alisema. "Fungua kitabu chako."

Akalivuta pazia la maua, likakatika kamba, likaanguka. Ndani kulikuwa na kiti kimoja na bakuli.

"Zacheus aliwadunga hapa. Sindano moja, watu sita. Mimi, Okello, Loice, Mokaya, Bilhah." Akamgeukia Kipkemoi. "Na Mzee Kipkemoi. Mgongo ulikuwa unamsumbua."

"Mgongo!" Kipkemoi alisema haraka. "Mgongo, ndiyo."

"Mgongo ni ugonjwa mbaya," Wanjuhi alisema, uso mkavu kama gogo. Kepher aliandika mgongo.

"Na kuna lingine. Aliniomba sufuria ya maji yanayochemka, ya kuchemshia sindano baada ya kila mtu. Kuni zilikuwa mbichi kwa ile barafu. Nikamwambia maji ya moto ni ya chai. Nikampa ya uvuguvugu kwenye bakuli hilo." Aliwageukia watu. "Chai yangu haikuwa na neno. Ilichemka. Kitu kimoja tu hakikuchemka hapa ndani, na ni mimi niliyekataa."

Loice alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya lugha nyingine.

"Kwa hivyo ilitoka kwangu?" Okello aliuliza, na sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Lakini unga wangu ulielea!"

"Unga unaonyesha aliyejaa nyongo leo," Kepher alisema. "Mwingine anapona, damu yake inaendelea kubeba ugonjwa, na yeye hajui. Hakuna glasi ya kumwonyesha huyo. Ndiyo maana sindano huchemshwa kwa kila mtu, hata kwa padre."

"Na dawa?" Mokaya aliuliza.

"Kulala. Kunywa maji yaliyochemshwa, yenye sukari. Na pombe, hata kuionja, hapana, mpaka mwaka uishe."

"Hiyo si dawa," alisema Mokaya. "Hicho ni kifungo."

Loice alisimama, akaja polepole mpaka mezani. Wanjuhi alingoja atukanwe.

"Mama Thuo, nipe maji ya moto," alisema. "Nione yakichemka."

*

Ijumaa Bwana D.O. alifungua meza yake ya kukunja mbele ya hoteli. Kipkemoi alisimama kando yake, na sasa hata kofia haikuweza kuficha: alikuwa wa njano mpaka kwenye ndevu.

"Nimesikia kuna shauri juu ya huyu mama," D.O. alisema kwa Kiswahili chake cha mguu mmoja. "Na chai yake."

Kipkemoi alimtazama Wanjuhi. Wanjuhi alitazama mgongo wake Kipkemoi, akainua nyusi kidogo tu, kama mtu anayemwulizia mgonjwa hali.

"Ilikuwa sindano, Bwana," Kipkemoi alisema. "Mtu mmoja mwongo anatembea kwa masoko. Dresa ameandika yote. Huyu mama ndiye alimtaja. Chai yake ni nzuri. Mimi mwenyewe nakunywa."

D.O. aliyatazama macho ya njano ya mtu aliyemwambia kwamba chai ni nzuri. Kisha akaitazama hoteli, na pasi mezani, na muhuri mkononi ukakaa hewani.

"Nzuri?" alisema. "Basi nipe mimi."

Wanjuhi aliingia ndani. Juu ya jiko sufuria kubwa ya viazi ilikuwa inatokota tangu jana saa saba, glasi zote ndani zikigongana, kumi na nane kwa jumla. Aliopoa ya kwanza iliyokuja. Ilikuwa moja ya zile sita? Hakujua, na glasi yenyewe ilikuwa imesahau. Akaijaza chai ya maziwa, akaibeba kwa mikono miwili.

Soko lote likanyosha shingo. Okello aliziba mdomo kwa kofia.

Bwana D.O. alikunywa. Akafuta masharubu. Akatazama ndani ya glasi, akanywa tena mpaka ikabaki sukari chini.

"Kweli nzuri," alisema, na muhuri ukateremka. Miezi mitatu. "Leta ingine."

Wanjuhi alirudisha glasi ndani ya maji yanayotokota, akafunika, akaongeza kuni.